Sanduku la Mama Geti

Geti lililotengenezwa vizuri halilii likifunguliwa. Mama Geti aliwaambia wateja wake hivyo huku akilisukuma kwa kidole kimoja, na geti zima likaenda lenyewe taratibu, mpaka mteja akabaki ameachama. Hakuwa mtu wa kujishusha. Kazi yake ikisifiwa, alijibu, “Najua.” Mikono yake ilikuwa na madoa ya cheche kuanzia viganjani hadi kwenye viwiko. Karakana yake ilikuwa pale pale uani, na mama mkwe wake alikuwa amezoea kukimbia kuanua nguo kila aliposikia mashine ya kukatia chuma ikiwashwa.

Mwaka ule kazi zilimiminika, ila hazikumpa raha. Wezi wenye bunduki walikuwa wameingia mtaani, na kila mtu alitaka vyuma madirishani na komeo juu ya komeo. Wengine hawakuridhika na komeo. Kinyozi wa kona alikuwa na geti la Mama Geti, zito, lenye vitasa viwili, na bado akajitafutia bunduki kwa siri. Alfajiri moja akasikia mtu anagonga. Akauliza nani, na kabla jibu halijamfikia akafyatua. Aliyegonga alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, aliyekuja mbio kumpa habari kwamba dada mtu amejifungua salama.

Mama Geti ndiye aliyeitwa kuziba tundu la risasi getini. Lilikuwa dogo, ncha ya kidole inaliziba. Alikata kipande cha bati nene, akakichomelea, akakisugua mpaka kikawa laini, akapaka rangi. Mpita njia asingeona kitu. Yeye aliliona kila alipopita, na ilikuwa kazi pekee ambayo hakutaka mtu aisifu.

Baada ya mazishi, gari lenye kipaza sauti lilizunguka mtaa kutwa. Mwenye silaha aipeleke uwanja wa shule kwa hiari yake, hataulizwa jina wala alikoipata. Ofisa akawekwa pale na meza. Watu wakapita mbali na uwanja ule utadhani una ugonjwa wa kuambukiza, maana nani angekubali kuonekana anaelekea kule na mfuko mkononi?

Mume wa Mama Geti alikuwa fundi simu. Kijiduka chake kilitazamana na bucha, na ndani yake aliinama kutwa juu ya vitu vidogo vidogo, akiwa na bisibisi nyembamba kama sindano. Alikuwa mtu mpole, mcheshi, mwenye wivu kidogo. Alimpenda mkewe, lakini hakupenda kuitwa Bwana Geti, na watu walikuwa wakimwita hivyo makusudi. Mkewe alipokokota mkokoteni wenye mitungi ya gesi kwenda kwa wateja, yeye alijitia hamnazo, akainamia simu zake mpaka mkokoteni upite.

Kisha wezi wakamfikia na yeye. Waliingia mchana kweupe, vijana watatu. Wakamkalisha sakafuni, na yule aliyeshika bastola akamwamuru apige makofi wakati wenzake wanakusanya simu.

“Piga, mzee. Hatufanyi kazi nzuri?”

Akapiga. Akapiga mpaka walipotoka. Watu wa barabarani walidhani kuna sherehe mle ndani, na waliposikia habari kamili baadhi yao waliona inachekesha. Mwuza nyama wa bucha ile ndiye aliyezidi. Kila alipomwona fundi simu akifungua duka, alimpigia makofi mawili, pa, pa, halafu akaangua kicheko. Wiki ile ile jina la Bwana Geti likafa. Akawa Makofi.

Nyumbani hakusema lolote. Ila mkewe aliona kwamba mikono ya mume wake imehamia mifukoni. Binti yao alipoghani shairi shuleni, wazazi wote walipiga makofi. Baba yake alisimama pale, uso unang'aa kwa furaha, na mikono imebaki mfukoni. Mtoto alimtazama yeye tu. Mama Geti aliumia moyo siku ile kuliko siku ya wizi wenyewe.

Ndipo siku moja mumewe akaja uani na ombi.

“Nataka unitengenezee sanduku la chuma. Dogo hivi. Lisivunjike.”

“La nini?”

“Simu za wateja zile za bei mbaya. Wakija tena wasizipate.”

Mama Geti akafurahi. Tangu waoane, mumewe hajawahi kumwomba kazi ya chuma. Alichagua bati zuri kuliko yote aliyokuwa nayo, akaficha bawaba kwa ndani, akapaka rangi ya kijani. Alipomkabidhi akangoja. Mumewe aligeuza ufunguo, akafunga, akafungua, kisha akasema, “Linafaa.” Mama Geti alilichukua neno hilo akaenda nalo jikoni kama zawadi.

Sanduku halikwenda dukani. Lilikwenda chini ya kitanda.

“Mkwe wangu,” alisema mama mkwe wake asubuhi moja wakichambua mboga, “hizo simu za wateja zinalala humu ndani kwa nini? Duka limehamia chumbani kwenu?”

“Sijui, Mama.”

“Hujui? Mimi mwanangu nimemzaa. Akificha kitu huwa anaimba. Siku hizi anaimba mpaka chooni.”

Mama Geti akacheka, lakini alipokwenda kufagia chumbani, akalivuta sanduku na kuliinamisha. Kitu kimoja kizito kilisogea ndani, kikagonga. Ufunguo hakuwa nao, wala hakuuhitaji, kwani bawaba alizificha yeye mwenyewe na alijua pini zake zinachomolewa wapi.

Ilikuwa bastola kuukuu, imeviringishwa katika kitambaa cha njano cha kufutia vioo vya simu. Mama Geti alikaa chini sakafuni. Aliliona tena lile tundu la geti la kinyozi. Akamwona binti yake akigonga mlango, amesahau daftari. Akajiona yeye mwenyewe akirudi kutoka kwa mteja, mlango umefungwa, na ndani mwanamume aliyejaa hofu anauliza nani. Halafu akapandwa na hasira ambayo hakuitegemea, hasira ya fundi. Kazi yake nzuri kuliko zote, na hiki ndicho kilichowekwa ndani!

Hakujua bunduki, lakini mashine alizijua. Aliigeuzageuza, mdomo wa bastola ukiwa umeelekea ukutani, mpaka akapata kitufe, na kigurudumu kinachokaa risasi kikajitokeza pembeni. Akazitoa risasi zote, akachungulia kila tundu, akachungulia tena. Alijua wazi risasi hazipelekwi karibu na moto. Alizifukia kwenye kopo la mchanga, akalificha juu ya dari ya choo, mbali na karakana. Bastola akairudisha kitambaani mwake, akaiweka mahali pake, akarudisha pini. Kisha akalibeba sanduku hadi uani, akashusha kinyago cha kuchomelea usoni, akaliziba pande zote nne. Akasugua maungio mpaka yakapotea, akapaka rangi ile ile ya kijani. Kazi ilitoka safi hata akasahau kwa muda kwamba analia.

Alikusudia kumwambia mumewe jioni ile. Lakini mumewe alirudi na machungwa, akamenya moja, akampa mama yake nusu na binti nusu. Mama Geti akameza maneno yake. Hakumwogopa. Aliona aibu kwa niaba yake, na aibu ya namna hiyo ni ngumu kuitamka. Walipokwenda kulala, mumewe alinyoosha mguu, akaligusa sanduku kwa kidole gumba, akaridhika, akasinzia.

Siku mbaya ilikuja na jua kali. Mama Geti alikuwa uani akipima vyuma vya dirisha aliposikia mlango wa mbele ukibamizwa, halafu hatua za mtu anayekimbia, halafu kitu kinaburutwa sakafuni. Mama mkwe wake akatoka jikoni na mwiko mkononi. Wakatazamana.

Sebuleni, fundi simu alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku. Kola ya shati imechanika, jasho linamtiririka. Ufunguo ulizunguka vizuri, kikasikika kile kitasa kikiachia, lakini mfuniko haukusogea. Akazungusha tena. Akatoa bisibisi yake nyembamba mfukoni, akatafuta pa kuipenyeza, akabonyeza, na ikakatika pa!

“Njoo ufungue sanduku lako!” alipiga kelele alipomwona mkewe mlangoni. “Limekwama!”

“Halijakwama. Nimelichomelea.”

“Umefanya nini?”

“Nimelichomelea, baba watoto. Pande zote.”

Mumewe alimtazama kama mtu asiyemjua. Kisha akainuka, akampita, akaenda uani, akarudi na nyundo yake kubwa kuliko zote.

“Mwanangu!” mama yake akasema.

“Mama, niache!”

Akapiga. Nyumba nzima ikaitika. Majirani wakajaa dirishani, mmoja akamnyanyua mtoto ili naye aone vizuri. Akapiga tena na tena, rangi ya kijani ikabanduka vipande, lakini sanduku halikubonyea hata kidogo. Mama Geti alikunja mikono kifuani, akasimama wima.

“Piga tu,” alisema. “Likifunguka, mimi naacha kazi.”

Dirishani mtu akacheka. Nyundo ikashuka polepole. Fundi simu alihema, akalitazama sanduku, akamtazama mkewe, kisha akaketi juu ya sanduku. Mama mtu akaenda akafunga dirisha usoni pa majirani.

“Yule mwuza nyama amenipigia makofi,” alisema fundi simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Mbele ya wateja. Nikamshika shati, akanishika, tukaachanishwa. Wakati naondoka wote wakaanza. Barabara nzima inanipigia makofi.”

“Na wewe ukaja kuchukua hii.”

“Nilitaka anyamaze. Mara moja tu, anyamaze.”

“Angenyamaza kweli. Na wewe ungenyamazia jela. Na mwanao angeitwa nani mtaani? Makofi ni jina zuri ukilinganisha na hilo.”

Akainamisha kichwa. Ndipo kwa mara ya kwanza akawasimulia mambo ya siku ile ya wizi. Mama Geti alikuwa ameyasikia kwa watu, lakini watu hawakujua kwamba yule kijana alikuwa na mikono inayotetemeka, wala kwamba fundi simu alipiga makofi kwa nguvu zaidi ili kijana asikasirike, akawa anamwaza binti yake, akawa anapiga. Hata walipokwishaondoka aliendelea kupiga, maana hakuwa na uhakika kama ameruhusiwa kuacha.

Mama mkwe aliweka mwiko chini. “Ulirudi nyumbani mzima,” alisema. “Mimi hayo makofi nayashukuru. Kila moja. Kama mtu anataka kucheka, aje acheke hapa mbele yangu, nimwonyeshe.”

Mama Geti akachuchumaa mbele ya mumewe. “Risasi nimezitoa. Ninazo mimi. Uamuzi wa hilo sanduku ni wako. Lakini humu ndani halilali tena.”

“Wataniona nikilipeleka.”

“Watakuona.”

Mumewe alipapasa kwa kiganja maungio yaliyosuguliwa. “Hata hayaonekani,” alisema hatimaye. “Kazi hii, mke wangu. Sijawahi kukuambia.”

“Hujawahi,” alisema Mama Geti, akageuza uso.

Asubuhi alilibeba sanduku begani. Mtaa mzima ulikwisha pata habari za nyundo, na watu walitoka milangoni kumtazama mwanamume aliyefungiwa bunduki na mkewe. Hakupita njia ya nyuma. Alipita barabara kuu, akaenda moja kwa moja hadi bucha.

“Aa, fundi!” mwuza nyama alisema. Alicheka, ila kisu chake kilisimama hewani. “Leo umebeba nini? Jeneza la panya?”

“La kwako. Jana nilikimbia nyumbani kuchukua bunduki nije nikuue. Mke wangu alikuwa ameizibia humu. Nimekuja kukuambia mwenyewe, usije ukaisikia kwa watu.”

Mwuza nyama alicheka tena, halafu kicheko kikakauka. Akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akajifuta tena ingawa ilikwisha takata. Kisha akainama chini ya meza ya kukatia, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakiweka katikati ya mizani na mifupa.

“Unadhani ningekungoja nimekunja mikono?” alisema. “Niliinunua wiki ile walipokuibia. Nilikusikia ukipiga makofi mle ndani. Nikajua kesho ni zamu yangu. Tangu siku ile sijalala usingizi wa maana. Nikawa nakucheka... sijui. Nikikucheka hofu inapungua.”

Wakatazamana juu ya nyama. “Watoto wetu wanakaa dawati moja,” alisema fundi simu.

“Najua.”

“Basi funga bucha twende.”

Uwanja wa shule haukuwa na mtu zaidi ya ofisa, meza yake, na msaidizi aliyekuwa akipiga miayo. Lakini nyuma ya wanaume wale wawili msafara ulikuwa umeshajiunda, maana hakuna aliyetaka kusimuliwa. Ofisa akaipokea ile ya gazeti, akaitoa risasi, akaiweka mezani. Kisha akaligeukia sanduku.

“Fungua.”

“Halifunguki, afande.”

“Ufunguo huna?”

“Ninao. Unazunguka vizuri tu.”

Ofisa akajaribu. Msaidizi akaleta mtaimbo, akatafuta pa kuuingiza, akakosa, akalegeza shati, akajaribu kwa nguvu mpaka mtaimbo ukamponyoka. Watu wakavunjika mbavu. Ofisa mwenyewe akatabasamu bila kutaka.

“Nani alitengeneza kitu hiki?”

Fundi simu akavuta pumzi. “Mke wangu,” alisema, na akalisema kwa sauti ya kufika nyuma. “Na mwingine wa kulifungua hayupo. Ngojeni nimlete.”

Mama Geti alikuwa amekwisha vaa buti. Alipotaka kushika mkokoteni, mumewe alimtangulia, akapakia mitungi ya gesi, akaanza kukokota. Barabara ilikuwa na watu tele, na wengine walikuwa wale wale wa jana.

“Pisheni!” alipaza sauti. “Pisheni hapo, fundi anapita!”

Wakapisha.

Mama Geti alilifungua sanduku kwa kufuata maungio yake mwenyewe, polepole, na kulimwagia maji kila mara lisipate moto sana. Bastola ikatolewa katika kitambaa chake cha njano. Yeye akaweka pembeni lile kopo la mchanga. Ofisa akahesabu, akakagua, akafungua gunia. Hapo mwanamke mmoja akapenya katikati ya watu, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa mjane wa yule aliyepigwa risasi getini, dada wa kinyozi. Watu wakampisha.

“Msizitie kwenye gunia,” alisema. “Vitu vikiingia kwenye gunia huwa vinarudi. Zikateni hapa. Nataka kuona kwa macho yangu.”

Ofisa akaanza kueleza utaratibu, akaishia katikati. Akasogea kando, akapiga simu, akazungumza kwa muda, akarudi. Akazikagua bastola zote mbili tena, akaonyesha umati kwamba ni tupu. “Kata, fundi.”

Mama Geti alishusha kinyago. Akawasha. Chuma kile kilikuwa chepesi mbele ya moto kuliko alivyofikiri, hakikufikia hata nondo ya dirisha. Akakata mdomo, akakata mpini, akakata kile kigurudumu. Vipande vikaanguka vyekundu kwenye vumbi, vikawa vyeusi. Mjane hakupepesa macho mpaka kipande cha mwisho kilipoanguka. Kisha akamshika Mama Geti mkono, juu ya madoa yake ya cheche, akauachia.

Hakuna aliyejua la kufanya baada ya hapo. Ndipo fundi simu akatoa mikono mfukoni. Aliitazama kidogo, kama vitu alivyokuwa ameazima na sasa anarudisha, kisha akapiga makofi. Alianza peke yake katika uwanja ule mkubwa, akimtazama mkewe, na hakuona haya hata kidogo.

Mwuza nyama alikuwa pembeni yake, viganja vyake vimeganda kifuani. Hakuthubutu.

“Piga na wewe,” fundi simu akamwambia. “Haya ni mengine.”

Mwuza nyama akapiga, na uwanja mzima ukafuata. Mama mkwe akapiga mwiko wake juu ya mtungi wa gesi. Nyuma kabisa ya umati, mzee mmoja ambaye hakuna aliyemdhania akaondoka haraka kuelekea nyumbani kwake, na baada ya kitambo akarudi na kitu kilichofungwa kwenye shuka.

Mama Geti alipandisha kinyago. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na si jasho peke yake.

“Kazi nzuri, mke wangu,” alisema mumewe.

“Najua,” alijibu. Lakini safari hii sauti ilimkatikia njiani, ikabidi ashushe kinyago tena, ajifanye anakagua moto.